Je, ni kweli protini inayozidi gramu 30 kwenye mlo mmoja inapotea?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 26, nina kilo 68, naishi Morogoro na nimeanza kunyanyua vyuma jioni baada ya kazi. Asubuhi nakunywa chai na chapati mbili, mchana nashindia karanga na ndizi, usiku ndiyo nakula haswa: ugali, maharage na mayai sita ya kuchemsha. Kocha wetu anasema mwili unachukua gramu 30 tu za protini kwa mlo, zinazozidi zote unazikojoa, kwa hiyo ninunue unga wa protini wa kopo ninywe mara nne kwa siku. Mwenzangu naye ananishauri ninywe mayai mabichi ili yaingie mwilini haraka. Na kweli mkojo wangu siku hizi una povu. Je, ndiyo hizo protini zinazotoka? Naomba unifafanulie protini inakwenda wapi ukishaila.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Hapana, mayai yako hayapotei. Utumbo hauna kikomo cha gramu 30 ambacho ukikivuka mlango unafungwa. Kocha wako hakutunga uongo. Amechukua jambo lenye ukweli ndani yake kuhusu misuli, akalipeleka kwenye utumbo. Kufyonza protini na kuitumia kujenga misuli ni kazi mbili tofauti, zinafanyika sehemu mbili tofauti za mwili. Watu wakizichanganya ndipo wanapojikuta wananunua makopo.

Tuufuate mlo wako wa usiku. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, kwa hiyo sita ni kama 36. Vikombe viwili vidogo vya maharage yaliyopikwa vinaongeza kama 22. Ugali wa unga gramu 200 una protini pia, watu husahau: karibu gramu 16. Jumla ni kama gramu 75. Kwa hesabu ya kocha, gramu 45 zinaishia chooni kila usiku. Tuone kama inawezekana.

Protini ni uzi wa shanga uliokunjwa na kujiviringisha, na shanga zake ni asidi amino. Ziko aina 20, na 9 kati ya hizo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula. Mwili haufyonzi uzi mzima. Kazi yote ya kumeng'enya ni kuukunjua uzi na kuukata.

Mdomoni protini haikatwi, inatafunwa tu. Tumboni inakutana na asidi kali, pH kati ya 1.5 na 3, ambayo inaikunjua. Kisha kimeng'enya kinachoitwa pepsini kinaanza kuikata vipande virefu. Pepsini haitolewi ikiwa tayari kufanya kazi. Seli za tumbo huitoa ikiwa imefungwa, kwa jina la pepsinojeni, na asidi ndiyo inayoifungua. Ingetoka ikiwa wazi, ingezila seli zilizoitengeneza, maana nazo ni protini.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba tumbo halimwagi chakula chote kwa mkupuo. Linakisaga kiwe ujiuji, kisha linauachilia kidogo kidogo kuingia kwenye utumbo mwembamba. Mlo mzito kama wako, wenye ugali, maharage na mafuta ya mayai, huchukua saa kadhaa kutoka tumboni. Utumbo ukizidiwa, hutuma homoni zinazoliambia tumbo lipunguze mwendo. Kwa hiyo zile gramu 75 hazifiki kwenye utumbo kama gramu 75. Zinafika kwa mafungu madogo usiku kucha, huku wewe umelala.

Kwenye utumbo mwembamba ndiko kazi kubwa ilipo. Kongosho linaleta maji yenye bikaboneti ya kupoza asidi, pamoja na vimeng'enya vyake, navyo vikiwa vimefungwa. Ukuta wa utumbo una kimeng'enya kimoja, enterokinesi, ambacho kazi yake ni kufungua tripsini. Tripsini ikishafunguka inawafungua wenzake: kimotripsini, elastesi na kaboksipeptidesi. Kila kimoja kina mahali pake pa kukata. Tripsini hukata penye asidi amino ziitwazo laisini au ajinini tu. Kimotripsini hupendelea asidi amino kubwa zenye umbo la duara. Kaboksipeptidesi hung'oa moja moja kutoka mwishoni. Ndani ya muda mfupi minyororo ya mamia ya asidi amino imekuwa vipande vya mbili, tatu, hadi sita.

Ukuta wenyewe wa ndani una mikunjo. Juu ya mikunjo kuna vijinyuzi, na juu ya kila seli ya vijinyuzi hivyo kuna vijinyuzi vidogo zaidi visivyoonekana kwa macho. Ukivikunjua vyote kwa mtu mzima unapata eneo la takriban mita 30 za mraba. Katika uso huo zimejengewa mashine za mwisho za kukata, na pembeni yake milango ya kuingizia. Asidi amino zikiwa moja moja, nyingi huingia pamoja na sodiamu. Zikiwa mbili mbili au tatu tatu zina mlango wao maalumu, nao hupitisha kiasi kikubwa sana. Vipande hivyo humaliziwa kukatwa ndani ya seli kabla ya kuvuka kwenda kwenye damu. Nakueleza hili kwa sababu kuna makopo ya bei ghali yanayojisifu kuwa asidi amino zake "zimekatwa tayari". Mwili wako unapokea vipande vya mbili na tatu vizuri tu. Kwa mtu mwenye kongosho na utumbo wenye afya, kukatiwa tayari si faida ya kulipia.

Utumbo pia unameng'enya protini zako mwenyewe. Vimeng'enya vyote nilivyovitaja ni protini, na seli za ukuta wa utumbo hubanduka na kubadilishwa kila baada ya siku chache. Vyote hivyo vinamwagikia ndani ya utumbo, makumi ya gramu kila siku, na sehemu kubwa inakatwa na kufyonzwa tena pamoja na chakula chako. Utumbo ungekuwa na kikomo cha gramu 30 kwa mlo, sehemu kubwa yake ingeishia kurudisha ulichokitoa wenyewe.

Kisichofyonzwa kipo, ila ni kidogo. Protini ya mayai yaliyopikwa, nyama, samaki na maziwa hufyonzwa kwa zaidi ya asilimia 90. Ya mahindi ni kama asilimia 85, na ya maharage ni kama 78. Kinachobaki huenda kwenye utumbo mpana, bakteria wanakila, na sehemu ya ile harufu mbaya ya hewa hutokana na hapo. Hewa nyingi ya maharage, hata hivyo, haitokani na protini. Inatokana na aina fulani za sukari ambazo hatuna kimeng'enya cha kuzikata. Basi kwa mlo wako wa gramu 75, zaidi ya gramu 60 zinaingia kwenye damu. Hadi hapo kikomo cha kocha hakijaonekana.

Sasa asidi amino ziko kwenye damu. Seli za utumbo zimeshakula fungu lao njiani. Asidi amino iitwayo glutameti, ile inayotoka kwenye chakula, karibu yote huishia hapo kama nishati. Zinazobaki zinapelekwa moja kwa moja kwenye ini. Ini hutengeneza albumini ya damu, protini za kugandisha damu na nyingine nyingi, kisha huamua zipi zipite na zipi zivunjwe. Tatu kati yake, yaani lusini, isolusini na valini, hupita kwenye ini karibu bila kuguswa, kwa sababu ini lina kidogo sana cha kimeng'enya cha kuanza kuzivunja. Hizo zinafika kwenye misuli. Lusini, pamoja na kuwa malighafi, pia ni ishara: ikipanda ndani ya seli ya msuli, seli inaanza kujenga.

Na hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokwama. Mwili hauna ghala la protini. Sukari ina ghala lake kwenye ini na misuli, mafuta yana ghala kubwa mno. Protini yote uliyonayo iko kazini: ni msuli, ni ngozi, ni hemoglobini, ni kimeng'enya, ni kingamwili. Na yote iko kwenye mzunguko. Mwili wa mtu mzima wa wastani hubomoa na kujenga upya kama gramu 250 hadi 300 za protini kila siku, mara tatu nne ya anachokula. Nyingi ya asidi amino zinazotokana na kubomoa hutumika tena kujenga. Chakula kinakuja kufidia zinazopotea, na kwako wewe unayenyanyua vyuma, kuongeza kidogo juu yake.

Hiyo gramu 30 imetoka wapi basi? Imetoka kwenye majaribio ya misuli. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada waliwapa vijana wachache protini ya yai baada ya kufanyisha miguu mazoezi, kwa viwango tofauti hadi gramu 40. Kwa saa chache walizopima, kasi ya kujenga msuli ilipanda hadi gramu 20, na 40 haikuongeza cha maana. Matokeo yale yalikuwa sahihi. Kilichofuata ni kwamba yaliposimuliwa kwenye kumbi za mazoezi, "msuli haukujenga kwa kasi zaidi ndani ya saa nne" ikawa "mwili hauchukui". Mwaka 2023 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walilinganisha gramu 25 na gramu 100 za protini ya maziwa baada ya mazoezi, wakapima kwa saa 12 badala ya chache. Kwa waliokunywa gramu 100, asidi amino ziliendelea kuingia kwenye damu kwa muda wote huo, na ujenzi wa msuli ulikuwa mkubwa zaidi na wa muda mrefu zaidi. Mlo mkubwa haumwagiki, unachukua muda mrefu kumalizika. Kwa mtu anayekula vizuri mara moja tu usiku, au aliyefunga Ramadhani na kula futari na daku tu, hii ni habari njema sana.

Je, kuna kinachotoka kwenye mkojo? Kipo, na hakikosekani siku hata moja, ule mayai sita au ushinde na njaa. Asidi amino isiyohitajika kujenga huvuliwa kipande chake chenye naitrojeni. Mfupa wake wa kaboni unabaki kuwa chakula: unachomwa kwa nishati, au unageuzwa sukari na ini, au, ukila kupita kiasi kwa muda mrefu, unachangia mafuta. Naitrojeni ikiachwa inakuwa amonia, ambayo ni sumu, hasa kwa ubongo. Ndiyo maana mgonjwa ambaye ini lake limeharibika sana huweza kuchanganyikiwa na hata kupoteza fahamu. Ini zima huibadilisha kuwa urea, kitu kisicho na madhara kinachoyeyuka kwenye maji, na figo huitoa. Mzunguko huo ulielezwa mwaka 1932 na Hans Krebs na mwanafunzi wake Kurt Henseleit huko Ujerumani.

Naitrojeni ni takriban asilimia 16 ya uzito wa protini. Ukifyonza gramu 60, umeingiza kama gramu 10 za naitrojeni. Kwa mtu mzima asiyekua wala kuongeza misuli, karibu kiasi hicho hicho kitatoka, kingi kikiwa urea, kwa sababu kilichojengwa leo kimechukua nafasi ya kilichobomolewa leo. Kwa hiyo mtu anayeona urea kwenye mkojo na kusema protini imepotea anasoma alama vibaya. Protini ilishafanya kazi yake.

Kinachoipoteza protini kweli ni kukosa nishati. Vijana wengi wakianza mazoezi wanaacha ugali, wali na viazi, wanabaki na mayai na nyama. Mwili unahitaji nishati kabla ya kufikiria kujenga msuli, na ukiikosa kwenye wanga na mafuta utayachoma mayai yako. Gramu moja ya protini inatoa kilokalori 4 tu, sawa na gramu ya wanga, na sehemu kubwa kidogo ya nishati hiyo hutumika kuimeng'enya na kuishughulikia yenyewe. Kuchoma mayai wakati unga wa sembe au dona upo ni hasara tupu. Usiache ugali wako.

Kuhusu mayai mabichi, mwambie mwenzako aache. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walipima hili kwa watu ambao utumbo wao mwembamba unatokea nje ya tumbo kwa sababu ya upasuaji, hivyo mabaki ya chakula yaliweza kukusanywa na kupimwa moja kwa moja. Protini ya yai lililopikwa ilimeng'enywa kwa karibu asilimia 91. Ya yai bichi, karibu asilimia 51. Moto huikunjua protini kabla hujaila, vimeng'enya vikapata pa kukatia. Zaidi ya hapo, ute mbichi una protini inayoshika vitamini iitwayo biotini na kuizuia isifyonzwe, na yai bichi linaweza kubeba bakteria wa salmonela. Kwa hiyo anayekunywa sita mabichi anapata kama ya matatu, na hatari juu yake.

Maharage nayo yana siri yake. Yakiwa mabichi au yameiva nusu yana vitu vinavyoifunga tripsini isifanye kazi, pamoja na lektini inayoweza kukutapisha na kukuharisha. Yaloweke usiku, mwaga yale maji, kisha yachemke kwelikweli hadi yawe laini kabisa. Usiyaweke kwenye moto wa kufifia tangu mwanzo.

Na usimsikilize anayesema protini ya maharage si protini. Mahindi yana upungufu wa laisini, na maharage yana laisini kwa wingi. Maharage yana upungufu wa methionini, na mahindi yana ya kutosha. Makande yanakusanya yote mawili kwenye chungu kimoja, na ugali na maharage vivyo hivyo. Wala si lazima viwe kwenye tonge moja; vikiliwa ndani ya siku hiyo hiyo inatosha. Mayai yako yenyewe yana asidi amino zote 9 kwa uwiano mzuri, kwa hiyo yanaziba pengo lolote lililobaki.

Sasa hesabu ya siku yako. Shirika la Afya Duniani linaweka gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito kama kiwango salama kwa mtu mzima, ambayo kwako ni kama 56. Kwa anayenyanyua vyuma na kutaka misuli, mimi hushauri kati ya 1.2 na 1.6, yaani gramu 82 hadi 109 kwa kilo zako 68. Usiku unapata kama 75. Chapati mbili ni kama 12. Konzi nzuri ya karanga ni 7 au 8. Jumla inafika kama 95. Umeshafika, bila kopo. Unga wa protini si sumu, mara nyingi ni maziwa tu yaliyochujwa na kukaushwa, lakini kwa pesa ya kopo moja utanunua dagaa wengi sana, na dagaa waliokauka vizuri wana protini karibu nusu ya uzito wao au zaidi, pamoja na kalsiamu ya mifupa.

Ningebadilisha kitu kimoja tu: hamisha mayai mawili kutoka usiku uyaweke asubuhi na chapati. Sifanyi hivyo kwa kuhofia yatapotea. Tangu alfajiri hadi usiku mwili wako unabomoa zaidi ya unavyojenga, na fungu la asubuhi linapunguza hilo. Tofauti kwa kijana si kubwa, kwa hiyo ikishindikana usihangaike. Kwa wazazi wetu waliovuka miaka 65 ni habari nyingine kabisa. Misuli yao haiitikii vizuri kiasi kidogo cha protini, na chai na mkate asubuhi, uji mchana, haviwatoshi. Ukiwa na mzee nyumbani, mpe yai, maziwa au samaki kwenye kila mlo, si siku ya sikukuu peke yake.

Limebaki povu. Urea haifanyi povu la kudumu. Mkojo ukitoka kwa kasi, au ukiwa mzito kwa sababu hukunywa maji ya kutosha baada ya mazoezi, unaweza kutoa povu linalopotea baada ya muda mfupi, na hilo halina neno. Povu linalobaki juu, siku baada ya siku, linaweza kumaanisha kwamba albumini ya damu inavuja kwenye figo. Hiyo haitokani na mayai ya jana usiku, maana protini ya chakula haifiki kwenye figo ikiwa nzima. Inatokana na kichujio kilichoharibika, mara nyingi kwa shinikizo la damu au kisukari, na vijana nao wanaugua. Figo zenye afya zinamudu kiwango nilichokutajia. Figo zilizoharibika hazipaswi kuongezewa mzigo bila daktari kukupangia.

Kwa hiyo wiki hii nenda kituo cha afya kabla hujaongeza yai hata moja. Omba wakupime protini kwenye mkojo wa asubuhi, kreatinini ya damu (taka inayoonyesha figo zinavyochuja), shinikizo na sukari. Usifanye mazoezi mazito siku moja kabla, kwa sababu mazoezi makali yanaweza kutoa protini kidogo kwenye mkojo kwa muda na kupandisha kreatinini, ukapata hofu ya bure. Mwambie anayekupima kwamba unanyanyua vyuma na unakula mayai sita kwa siku, naye atajua namna ya kuyasoma majibu yako.